Matanga Yasiyoanuliwa: Kuitazama Upya Filamu ya Casper



Niliombwa nichague filamu moja, niizungumzie, kisha tuitazame pamoja. Nimechagua filamu ya watoto, na nimeichagua kwa dhati. Casper ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Mei 1995. Mwongozaji wake ni Brad Silberling, na mmoja wa waliosimamia utayarishaji wake ni Steven Spielberg. Hatimaye iliingiza zaidi ya dola milioni 280 duniani. Wenye umri kama wangu waliiona sebuleni, kwa deki, kwenye kanda iliyokwisha kupita mikono mingi hata rangi zikaanza kuchuja. Tuliipenda kwa sababu ilituchekesha, na kwa sababu ilituruhusu kuogopa kidogo tukiwa tumebanana mkekani na ndugu zetu.

Nimeirudia nikiwa mtu mzima, mwenye watoto na mwenye wafu wake, na hoja niliyokuja nayo ni hii: filamu tuliyokua nayo kama kichekesho cha mizimu ni miongoni mwa filamu za kweli kabisa nizijuazo kuhusu kufiwa. Kinacholisumbua jumba la filamu hii si mtoto aliyekufa. Ni majonzi ya walio hai, yaliyokosa mwisho.

Kwa ambao hawajaiona, nitasimulia kwa ufupi. Katika mji wa Friendship, jimbo la Maine, kuna jumba kuukuu liitwalo Whipstaff. Carrigan Crittenden, mwanamke mwenye tamaa, amelirithi na kugundua kwamba ndani yake imefichwa hazina, lakini kila anayeingia hutimuliwa na mizimu. Watatu ni wajomba wakorofi: Stretch, Stinkie na Fatso. Wa nne ni mpwa wao Casper, mtoto mpole ambaye hataki kumtisha mtu, anataka rafiki tu. Casper anamwona kwenye televisheni Dkt. James Harvey, mtaalamu wa nafsi ambaye tangu mkewe Amelia afariki ameacha kuwatibu walio hai, anazunguka nchi akiwatibu mizimu. Pembeni yake yuko binti yake Kat, amenuna, amechoka kuhamishwa shule baada ya shule. Casper anafanya hila Carrigan naye aione habari hiyo, na Harvey anaitwa. Bill Pullman ndiye baba, na Christina Ricci ndiye Kat.

Vilivyotufurahisha utotoni sitavikalia sana. Wajomba wanapigana na daktari kwa kifyonza vumbi. Mapadri na wataalamu wanakuja kuwafukuza mizimu na kutoka mbio, akiwemo Dan Aykroyd kwa sekunde chache, amevaa sare yake ya Ghostbusters ya mwaka 1984. Vichekesho hivyo bado vinachekesha. Watoto mliopo mtavipenda, na mna haki ya kuvipenda.

Lakini ipo sehemu moja darini ambayo sisi tuliipita. Nakumbuka ndiyo iliyokuwa nafasi ya kwenda jikoni kutafuta maji. Kat ameanza kumuuliza Casper maswali ya kawaida ambayo watoto huulizana: alisoma shule gani, alipenda mchezo gani, wazazi wake walikuwa watu wa namna gani. Casper hana jibu. Hakumbuki lolote kuhusu uhai wake. Kat anampandisha kwenye chumba cha juu ambako vitu vya kale vimefunikwa vumbi, na humo Casper anakiona kigari cha kuteleza kwenye theluji. Kumbukumbu inarudi yote kwa mara moja. Alimsihi baba yake siku nyingi ampatie kigari kile. Alipokipata alitoka nje kucheza, akacheza mpaka giza likaingia na baridi ikampenya. Akaugua homa ya mapafu, akafa. Baba akahuzunika mno. Naye mtoto, badala ya kwenda anakopaswa kwenda, akabaki nyuma ili baba asikae peke yake.

Haya anayasema kwa sauti ya kawaida ya mtoto anayeeleza siku yake ilivyokwenda. Chini yake kunapita muziki wa James Horner, mtunzi ambaye mwaka huohuo alitunga pia muziki wa Braveheart na Apollo 13. Ni piano na sauti za waimbaji, wimbo wa kubembelezea mtoto usiku. Horner angeweza kutulazimisha tulie, nyuzi zote zikalia. Hakufanya hivyo. Aliuacha wimbo uwe mdogo kama mtoto mwenyewe, na hilo ndilo linalomvunja mzazi anayesikiliza.

Kisha Kat anaokota gazeti la zamani. Habari iliyomo ni ya baba, J.T. McFadden, mvumbuzi. Mamlaka zimemtangaza kuwa ni mwendawazimu, kwa sababu amedai kwamba mzimu wa mwanawe unaishi naye nyumbani, na kwa sababu amejenga mashine ya kumrudisha mwanawe kwenye uhai.

Hapo nimesimamisha filamu mara nyingi. Tafakarini kilichotokea. Baba alisema kweli. Mtoto alikuwepo, alibaki kwa ajili yake, na baba akamwona. Ulimwengu ukamwita kichaa kwa kusema kweli ile. Tangu hapo filamu haituambii baba aliishia wapi. Tunachojua ni kwamba mtoto aliyebaki ili baba asiwe mpweke, ndiye aliyeachwa mpweke katika jumba tupu na wajomba wasiomjali, muda mrefu hata akasahau kwa nini alibaki. Upendo wa pande mbili, kila upande ukikataa kumwachilia mwenzake, ndio uliolifanya jumba lile liwe gofu. Nilipokuwa mdogo sikuuona mkasa huu hata kidogo. Leo siwezi kuona kingine.

Wazee wetu walijua kwa nini msiba huwekewa siku. Watu hukaa matanga, hulala chini, hupikiana, hulia pamoja, kisha siku hufika matanga yakaanuliwa. Mfiwa haambiwi asahau, anaambiwa ainuke. Whipstaff ni nyumba ambayo matanga yake hayakuanuliwa kamwe. McFadden aliingia chini ya ardhi, katika karakana yake, akajenga mashine aliyoiita Lazarus, jina la yule Lazaro wa Bethania ambaye Injili ya Yohana inasema alitolewa kaburini siku ya nne. Miaka mingi baadaye anakuja Harvey, naye ni McFadden mwingine. Hana mashine, ila ana taaluma. Nadharia yake ni kwamba mizimu hubaki duniani kwa sababu kuna jambo hawakulimaliza, na yeye huwasaidia walimalize. Anachokitafuta hasa ni kumwona Amelia. Kila mzimu anayemhoji ni mlango anaoubisha akitumaini mkewe atafungua. Mwenye jambo lisilokwisha ni daktari mwenyewe, na anayelipa gharama yake ni binti aliye hai, anayekula chakula cha barabarani na kuanza upya katika madarasa ya watu asiowajua.

Na Kat ana hofu yake, ambayo hamwambii baba. Anamwambia Casper: anaogopa ameanza kumsahau mama, vile vitu vidogovidogo ambavyo picha haiwezi kuvihifadhi. Waliofiwa wakiwa wadogo wanaijua hofu hii. Ni mzigo mzito kuliko kilio chenyewe, kwa sababu mtoto hudhani kusahau ni dhambi yake.

Hapa inanijia kazi ya John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya, ambaye katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Waafrika alieleza kwamba aliyekufa huendelea kuwa miongoni mwa walio karibu nasi maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo marehemu huzama katika zamani ya mbali, akapoteza jina, akawa roho tu kati ya roho. Sidai kwamba waandishi wa filamu hii, Sherri Stoner na Deanna Oliver, walimsoma Mbiti. Lakini jaribuni kumtazama Casper kwa jicho lile. Huyu amebaki bila mtu hata mmoja wa kumkumbuka, hata yeye mwenyewe hajikumbuki. Anachokifanya Kat darini kwa kumuuliza maswali ni kumrudishia jina lake, wazazi wake na siku yake ya mwisho. Hajamfufua, wala hana uwezo huo. Amemkumbuka kwa niaba ya waliotangulia, na baada ya hapo Casper si kitu cha kutisha wala cha kuchekesha tena. Ni mtoto wa mtu.

Ili mwone ujasiri wa sehemu ile, inafaa mjue Casper alitoka wapi. Alibuniwa na Seymour Reit na Joe Oriolo, na akaonekana kwanza mwaka 1945 katika katuni ya studio iliyokuwa chini ya Paramount. Katika katuni ya mwaka 1948 yumo mtoto wa mbweha, rafiki yake Casper, anayeuawa na wawindaji kisha kurudi akiwa mzimu. Katuni za awali hazikukikwepa kifo. Baadaye, kampuni ya Harvey Comics ilipomchukua katika miaka ya 1950 na kumfanya maarufu kwenye vitabu vya picha, suala la namna alivyokufa likafunikwa. Casper akawa kiumbe cha aina yake tu, kana kwamba mizimu huzaliwa mizimu. Nawaelewa wahariri wale. Waliuza vitabu kwa watoto, na nani angetaka kumwambia mnunuzi wa miaka saba kwamba rafiki yake mweupe ni maiti ya mtoto wa umri wake? Filamu ya 1995 ndiyo iliyosema wazi: alikuwa mtoto, aliitwa McFadden, aliugua, akafa, na akaliliwa.

Aliyeiongoza alikuwa kijana, na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ndefu. Mwezi Julai 1989 mpenzi wake, mwigizaji Rebecca Schaeffer, aliuawa mlangoni kwake huko Los Angeles na mtu aliyekuwa akimfuatilia kwa muda mrefu. Mauaji yale yalichangia jimbo la California kutunga sheria dhidi ya ufuatiliaji wa namna ile mwaka uliofuata. Silberling alikuwa na miaka ishirini na kitu. Tazameni filamu alizozitengeneza baadaye: City of Angels ya 1998, kuhusu malaika ampendaye daktari wa kike, Moonlight Mile ya 2002, kuhusu kijana anayeishi na wazazi wa mchumba wake aliyeuawa, ambayo chimbuko lake ni msiba wake mwenyewe, kisha ya 2004 kutokana na hadithi za Lemony Snicket, kuhusu yatima watatu. Ni mtu aliyelirudia jambo moja katika kazi hizi zote. Sitaki kuipunguza filamu iwe wasifu wa mtengenezaji wake, maana filamu hutengenezwa na mamia ya watu. Lakini nikiiona sura ya Bill Pullman anapomwita mkewe kwenye chumba kitupu, naamini aliyekuwa nyuma ya kamera alijua anatafuta nini.

Kuna jambo la ufundi linaloungana na hili. Casper ni filamu ndefu ya kwanza ambayo mhusika wake mkuu amechorwa kikamilifu kwa kompyuta. Mafundi wa Industrial Light & Magic, walewale waliotoka kutengeneza dinosaria wa Jurassic Park mwaka 1993, walipaswa safari hii kutengeneza viumbe wanaozungumza, wanaohuzunika na kupitisha mwanga mwilini, na kuwaonyesha kwa muda mrefu zaidi kuliko dinosaria wale. Toy Story ilitoka miezi kadhaa baadaye. Kwa waigizaji maana yake ilikuwa kuzungumza na hewa. Christina Ricci, msichana wa miaka kumi na minne hivi, alikaa kitandani akamwambia siri zake rafiki ambaye hayupo, akasubiri jibu lisilosikika, akaendelea. Mizimu waliwekwa baadaye. Nikilijua hilo, naona kila mazungumzo katika filamu ile kwa namna nyingine, kwa sababu kuzungumza na asiyekuwepo na kusubiri jibu ndiyo kazi ya mfiwa.

Wapo wazazi watakaoniuliza, na wengine wameshaniuliza mlangoni, kama ni sawa kuwaonyesha watoto filamu ya mizimu. Wengine wanauliza kwa sababu ya imani, wengine kwa sababu ya ndoto za usiku. Wa imani nawaheshimu, na ninawaomba watazame mwelekeo wa hadithi kabla ya kuamua. Filamu hii haiwafundishi watoto kuita wafu. Inawaonyesha wanaume wawili walioharibikiwa kwa kutaka kuwaita. Ina mashine moja ya kufufua na dawa ya mtu mmoja tu, na tutaona inatumikaje.

Wa ndoto za usiku nina neno zaidi kwao. Tunawaficha watoto kifo kwa upendo. Msiba ukiingia nyumbani, watoto hukusanywa wakapelekwa kwa jirani. Mama akifa, mdogo huambiwa amesafiri. Basi mtoto husubiri. Husubiri mgeni ashuke kwenye basi, husikiliza kila gari linalosimama, na hakuna anayemwambia aache kusubiri kwa sababu hakuna aliyemwambia kweli tangu mwanzo. Hofu ya mtoto huyo ni kubwa kuliko hofu yoyote itakayotoka kwenye kioo hiki leo. Kat anamuuliza Casper kufa kukoje, bila kuzungusha, na Casper anamjibu kwamba ni kama kuzaliwa, ila kinyumenyume. Sijui kama ni jibu sahihi. Najua ni jibu, na limetolewa na mtoto kwa mtoto bila mtu mzima kuwakatiza.

Filamu ina kasoro zake, na baadhi zinaniudhi. Carrigan hakupewa utu wowote. Ni tamaa iliyovaa nguo za kifahari, na anapokufa kwa kuanguka bondeni tunatakiwa tushangilie. Katika hadithi inayomlilia mtoto mmoja kwa upole namna ile, kifo cha mwanamke huyu kinatupwa kama takataka. Vilevile Harvey mwenyewe anakufa akiwa amelewa, baada ya kunywa na wajomba, kwa kutumbukia shimoni. Tukio linapita kwa kicheko. Ni wepesi uliopitiliza.

Lakini wepesi ule unatufikisha kwenye saa kali kuliko zote. Harvey anarudi Whipstaff akiwa mzimu, mwenye furaha kama mlevi, na hamtambui binti yake. Mtoto aliyeogopa kumsahau mama sasa amesahauliwa na baba, ana kwa ana. Wakati huohuo Casper yuko tayari kuingia kwenye mashine. Dawa imepatikana, chupa moja. Baba yake aliijenga mashine hiyo kwa ajili yake tu. Ameingojea bila kujua anaingojea. Naye anampa Harvey nafasi hiyo. Akiwa mzimu wa mtoto tu, anaelewa kile McFadden na Harvey walichoshindwa kukielewa: kwamba uhai ni wa kumpa anayeachwa, maana Kat ndiye mwenye maisha ya kuishi. Hazina, tunagundua, haikuwa dhahabu. Ndani ya sanduku la chuma ulikuwamo mpira wa besiboli wenye saini ya mchezaji Duke Snider, kitu ambacho mtoto mvulana angekithamini kuliko benki.

Ndipo anakuja Amelia, akichezwa na Amy Brenneman. Anakuja kwa Casper kwanza, anampa thawabu ya kuwa mvulana wa nyama na damu mpaka saa nne usiku, ili acheze dansi na Kat. Kisha anakwenda kwa mumewe. Anamwambia kwamba yeye hakuwa mzimu kamwe, kwa sababu hakuacha jambo lolote lisilokwisha. Walimpenda vya kutosha alipokuwa hai. Miaka yote Harvey amekuwa akimtafuta mahali ambapo mkewe hakuwahi kukaa. Baada ya hapo, badala ya hotuba, anampa maagizo ya kulea msichana anayekua: chipsi si chakula cha asubuhi, na binti akiwa kwenye simu usiinue ya chumba kingine ukasikiliza. Namuona mama anayejua amebakiwa na dakika chache, na anazitumia kwa mambo ya jikoni na ya simu kwa sababu ndiyo yatakayokuwepo kesho. Waandishi wanawake wawili waliandika mistari ile, na sidhani kama kuna hotuba ya malaika sinemani iliyo na busara ya nyumbani kama hiyo.

Jambo moja bado sijaridhika nalo, na nalisema ili mlitazame wenyewe. Saa nne inapigwa, Casper anarudi kuwa mzimu, wageni waliokuja kwenye dansi wanakimbia, na hadithi inamwacha palepale Whipstaff. Hakuvuka. Carrigan alivukishwa kwa hila kwa kutamka kwamba hana jambo lililobaki, ila Casper, ambaye amekumbuka, ametoa na amecheza dansi yake, hakuna anayemuuliza kama yuko tayari kwenda kwa baba na mama. Biashara inaweza kuwa sababu. Filamu za kuendeleza jina lake zilitoka kwenye kanda mwaka 1997 na 1998. Lakini nadhani ipo sababu nyingine ndani ya hadithi, na kwamba jambo lisilokwisha la Casper limebadilika tangu siku ile alipobaki kwa ajili ya baba. Ni jambo gani, wazazi na watoto mnaweza msikubaliane.

Filamu ina dakika 100. Sitaisimamisha darini, na nawaomba msitoke kwenda kutafuta maji hapo. Ikiisha tutabaki ukumbini kwa maswali, na watoto wataanza.